Chai ya Profesa Zuhura

Zama hizo, lolote alilolitamka profesa wa sheria, hata akiwa jikoni kajifunga khanga, lilikuwa sheria ya nchi kabla maji hayajachemka. Kibeji cha shingoni mwake kilisikia na kuona yote, na kuzipelekea mahakama zote na kila simu nchini.

Basi Profesa Zuhura, aliyemwaga maneno darasani kama mvua, nyumbani alijifanya bubu. Taabu ikawa mumewe. Baba Shani alimgawia dada yake cherehani ya marehemu mama yake Zuhura bila kuuliza, na sasa ni wiki ya tatu analala sebuleni.

"Mama Shani, sema tu umenisamehe."

"Nikisema, kila mume aliyegawa vitu vya mkewe atakuwa ameshinda kesi."

"Na mgongo wangu je? Kochi lile litaniua."

Zuhura akabana kicheko. Moyoni alikwisha kusamehe tangu juma lililopita. Pasipo kutamka neno, akammiminia chai ya tangawizi, akamwekea na mto wake wa kulalia mapajani. Baba Shani akaelewa, macho yakamlowa.

Kibeji kikalia. "Imepokelewa. Mke akimpa mumewe chai ya tangawizi, amemsamehe kosa lolote. Hakuna rufaa."

Zuhura akakimbilia dirishani. Ng'ambo ya ua, jirani yao Bi Mkasi, jicho limemvimba kwa kipigo cha mumewe cha jana, alikuwa akimpelekea bwana huyo kikombe kama kila asubuhi. Harufu ya tangawizi ilivuka hadi kwao. Simu ya yule bwana ikalia. Akaisoma taratibu, kisha akakipokea kikombe kwa mikono miwili.