Mtihani wa Kijivu

Kasuku aliita kama simu.

Mama Cherehani aliiachia ndoo, maji yakamwagikia viatuni. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Hapakuwa na mtu, ila Kijivu mwenyewe juu ya kijiti chake, akimtazama kwa jicho moja kama mkwe anayesubiri chai. Ndege akaita tena: tirii, tirii. Mlio huo haukuhitaji mkalimani.

"Umeniua, baba," mama alinong'ona, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, maana hata kunong'ona hapo kulikuwa kosa.

Hifadhi ile haikuwa na umeme, na simu zilikuwa marufuku. Kila aliyekuja kujitolea aliacha yake langoni. Kazi yao ilikuwa kuwatunza kasuku waliookolewa kutoka majumbani, mpaka wasahau maneno ya watu na wawe tayari kurudi msituni. Kwa hiyo mbele ya vizimba hakukuwa na kusema. Na kabla ya kufunguliwa, kila ndege alipewa mtihani: mkuu wa hifadhi aliketi mbele yake asubuhi nzima, akisikiliza. Akilia kindege, mlango unafunguliwa. Akitoa neno la binadamu au mlio wa nyumbani, basi tena, anapelekwa bustani ya mjini, akamalizie umri wake kizimbani akichekesha watoto.

Mtihani wa Kijivu ulikuwa kesho yake.

Ndege huyo alikuja akiwa amejinyonyoa kifua chote kwa huzuni, chakula hakitaki. Mama Cherehani, aliyeshonea watu nguo mpaka macho yakagoma, alimlisha karanga mojamoja bila kutamka neno, hadi manyoya yakarudi. Alimpenda, tusifichane.

Lakini simu pia alikuwa nayo.

Si kwamba maisha ya pale yalimchosha. Magauni mawili, sahani moja, kuoga maji ya mvua, kulala giza likiingia. Hata mgongo ulikuwa umesahau kuuma. Kitu kimoja tu kilimshinda. Binti yake wa pekee alikuwa na mimba ya kwanza, miezi imetimia, na mama gani angekaa bila habari? Simu aliifungia ndani ya soksi, akaizamisha kwenye gunia la mchele stoo, hatua chache kutoka vizimbani. Alikuwa ameizima sauti, ikabaki kutetemeka tu, na kila alfajiri alimnong'oneza binti maneno mawili matatu. Sasa Kijivu aliunasa wapi ule mlio? Hakujiuliza sana. Mwenye hatia haombi ushahidi.

Na mkuu wa hifadhi hakuwa na mchezo na mambo hayo. Walimbandika jina la Bwana Kimya. Aliwahi kumrudisha kwao fundi bomba mmoja kwa kosa la kuja na redio. Kila mlo wake ulikuwa na mahubiri: simu zimewafanya watu viziwi, ndiyo maana hawaisikii dunia inavyosema. Yeye aliisikia, huwezi kumnyima sifa yake. Alitabiri mvua mbingu ikiwa nyeupe, akasema ameambiwa na siafu. Alijua lori la chakula litachelewa hata kabla halijachelewa, akasema upepo umegeuka. Watu walitikisa vichwa kwa heshima.

"Kimya kingi kina mshindo mkuu," alimalizia kila mara, akakohoa kikohozi chake kikavu, kisha akaenda zake nyuma ya vizimba kusikiliza upepo. Hiyo ilikuwa desturi yake baada ya chakula cha mchana, na hakutaka mtu amfuate.

Asubuhi ya mtihani wote walikaa kwenye majani. Bwana Kimya alikuwa juu ya kigoda, mikono magotini. Kijivu alipiga mluzi wa msituni, safi kabisa. Akajikuna. Akala karanga. Jua likapanda, watu wakaanza kutazamana kwa matumaini, na Mama Cherehani akathubutu kupumua. Ndipo ndege akanyoosha shingo.

Tirii, tirii.

Bwana Kimya alikohoa kile kikohozi chake kikavu. Jasho lilikuwa limemtoka kwenye paji la uso, wakajua amekasirika kweli. Akawageukia, akawatazama mmoja mmoja.

"Kuna mtu hapa ameuza uhuru wa ndege huyu kwa ajili ya simu," alisema. "Ajitaje."

Mama Cherehani aliliona lango, akaliona lori la kumrudisha, akaziona nyuso za wenzake. Kisha akamwona Kijivu mjini, akichekesha watoto mpaka azeeke, kifua kimenyonyoka tena. Moyo ulimuuma. Aibu ya mtu hupita siku moja, alijiambia, lakini kizimba hakipiti. Akasimama, akafungua kinywa ili aombe adhabu iwe yake na ndege aachwe aende.

Kijivu akamtangulia.

"Haloo, mke wangu," alisema kasuku, kwa sauti nzito iliyotulia ambayo wote walizoea kuisikia mezani, kikohozi kikavu kikiwemo. "Redio inasema mvua lini? Na lori je? Haya. Mwambie dereva soda zangu azifiche chini ya kabichi."

Hakuna aliyecheka mpaka Bwana Kimya aliponyanyuka, akafungua mlango wa kizimba kwa mkono wake mwenyewe, na kutangaza kwamba Kijivu amefaulu.