Hobert Aachia Nyumba

Baba yake Rhonda alikuwa amenyoa ndevu. Rhonda alipomwona amesimama kando ya barabara, kidevu cheupe kama yai, shati limepigwa pasi, nusura ampite akidhani ni mhubiri.

Mama yake, Verna, aliyekaa kiti cha mbele, aliangua kicheko. "Simamisha gari, ni yeye. Nilikuwa nimeisahau hiyo sura."

Hobert akapanda nyuma. Manukato yake yakajaa gari zima.

Walikuwa wanakwenda kwenye ofisi za kaunti, kule mashariki mwa Kentucky, kumaliza ugomvi uliochosha ukoo mzima. Hobert na Verna walipotalikiana, hakimu aliwaachia nyumba ya kilimani nusu kwa nusu. Verna akabaki ndani. Hobert akahamia kwenye nyumba ya magurudumu nyuma ya gereji ya binamu yake, akaapa kwamba hataachia hata msumari mmoja. Tangu hapo, kila Sikukuu ya Shukrani Rhonda alioka bata mzinga wawili, mmoja wa baba na mmoja wa mama, maana wawili hao hawakukubali kukaa meza moja.

Na sasa, ghafla, Hobert kasema anaachia.

"Kwa nini leo, Baba?"

"Naoa, mwanangu."

Gari likayumba. "Unamwoa nani?"

"Mwanamke mmoja hivi, mgumu kweli. Kanipa sharti. Hataki kusikia habari za mume mwenye nusu ya nyumba. Niachie kwanza, ndipo tuzungumze."

Rhonda akamtupia mama yake jicho, akitarajia machozi. Verna alikuwa anaweka kofia yake sawa kwenye kioo.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Namjua huyo. Ana mdomo! Na maharage yake huungua kila akipika."

"Kila akipika," Hobert akaitikia kutoka nyuma. "Nimeshazoea."

Wakacheka wote wawili. Rhonda hakuona la kuchekesha. Aliona mama yake akizeeka peke yake kule kilimani, na bata mzinga wa tatu, wa huyo mke mpya, akimjia.

Karani wa kaunti, Tressie, aliwapokea dirishani. Mji ni mdogo, aliwafahamu wote. Akaiweka hati juu ya meza, akaigonga kwa kidole.

"Bwana Hobert, sikiliza kabla hujashika kalamu. Hati hii haisemi una kiasi gani. Inasema tu kwamba chochote ulichonacho katika nyumba ile, umemwachia Bi Verna. Ukishatia sahihi, hata ukitaka kulala barazani itabidi uombe ruhusa. Na kesho ukijuta, usije kwangu."

"Na huyo mke mpya?" Rhonda akaingilia. "Hawezi kuja kudai?"

"Mke ana haki katika mali ya mumewe. Nyumba hii haitakuwa mali ya mumewe tena."

Rhonda akashusha pumzi. Angalau hilo.

Hobert alichukua kalamu, akaishika tu. "Kile kisima nilikichimba mwenyewe," alisema.

"Najua." Verna hakucheka safari hii. "Si lazima, Hobert. Tunaweza kurudi tu."

"Ni lazima. Nataka nikienda kwa huyo mwanamke, niende mikono mitupu. Akinikubali, anikubali mimi."

Akatia sahihi, herufi zikienda upande. Tressie akagonga muhuri.

Basi, imekwisha. Miaka yote ile ya kununiana imekwisha kwa muhuri mmoja, na Rhonda akajikuta analia. Nyumba alimozaliwa imesalimika. Lakini baba yake, mwenye ubishi wote ule, amebaki hana paa lake mwenyewe.

"Sasa mkioana utakaa wapi, Baba?"

"Inategemea yeye," Hobert alisema, akijifuta jasho kwenye kile kidevu kipya.

Tressie akavuta karatasi nyingine. "Haya, la pili. Leseni ya ndoa. Bibi harusi yuko wapi?"

Rhonda akageuka kuutazama mlango, tayari kumchukia yeyote atakayeingia.

Hakuingia mtu. Verna alimkabidhi Rhonda mkoba wake, akalisogelea dirisha.

"Andika vizuri safari hii, Tressie," alisema. "Ile ya kwanza mliniandika Vera."