Joto la Watu Watano

Kamati ya Maandalizi ilikuwa imeshaamua: ili theluji ya mashindano ya dunia isiyeyuke kule Makete, moto usiwashwe, na kila nyumba ibaki na joto la watu watano tu. Wa sita alihamishiwa kambini Mbeya.

Atuganile hakumtoa mama mkwe wake, bibi wa watoto wake watatu. Kila mkaguzi wa Kamati alipopita na kipimo chake cha joto la miili, mumewe alichomoka kwa mlango wa nyuma, akajibanza kwenye shamba la viazi.

Siku ya mwisho mkaguzi aliwafuma wote ndani, bibi akiwa bado kitandani. Akaelekeza kipimo ukutani.

"Watano," mkaguzi akasema. "Hongera, dada. Michezo imekwisha, washeni moto."

Alipoondoka, Atuganile alishusha pumzi.

"Kumbe kifaa chao kibovu!" mumewe akanong'ona, wakacheka mpaka machozi yakawatoka.

Wakawasha kuni. Atuganile akakoroga uji wa moto wa kwanza baada ya wiki mbili, akajaza kikombe cha bibi mpaka juu.

"Mama, uji tayari!"

Akawatazama waliouzunguka moto: mumewe, watoto watatu, na yeye mwenyewe wa tano.

Akaita tena, safari hii taratibu.