Mpira wa Bolti ya Oili

Mwenye duka la vipuri alimwaga droo nzima ya mipira juu ya kaunta, akaanza kuichambua kama mchele wenye mawe. Mweusi huu laini mno, joto la injini litaukausha mpaka ukatike. Huu unacheza kwenye bolti. Huu hauingii bila kulazimishwa, na mpira wa kulazimishwa hupasuka mapema. Wateja walisimama wakisubiri, lakini leo wateja wangengoja. Alikuwa akitafuta mpira wa kuzibia bolti ya kumwagia oili, wa gari la mumewe, na kwa mpira huo alikusudia kuiokoa ndoa yake.

Mumewe alikuwa wakala wa rangi za nyumba, mtu wa barabarani. Nusu ya wiki alilala kwake, nusu alilala huko alikokwenda kuuza. Hilo alilijua tangu anaolewa, wala halikumsumbua. Kilichomsumbua ni oili. Kila mume aliporudi safari gari lilikuwa linadondosha oili, na kila alipochelewa sababu ilikuwa hiyohiyo.

"Oili tena, mke wangu. Nimeshinda kwa mafundi."

Mara ya kwanza alimpa pole na mpira mpya wa kawaida. Mara nyingine akampa mnene zaidi. Halafu akajaribu washa, pete bapa ya shaba, nayo gari likarudi linavuja. Yeye auze vipuri, gari la mumewe lichafue barabara za watu! Lakini hata hilo angelimeza. Kilichomkaba ni mashati. Mume alikuwa akirudi na mashati yaliyonyooshwa pasi, mikono ikiwa na mstari mmoja safi kabisa, na mafundi wa barabarani, kwa alivyowajua yeye, hawapigi watu pasi.

Wivu ukamwambia kuna mwanamke mahali. Akila anamwona huyo mwanamke, akiuza anamwona: mwembamba, mcheshi, asiyenuka grisi. Alimchukia yeye pamoja na pasi yake.

Hatimaye akaupata aliokuwa akiutaka: duara la chuma, ndani limegandishwa mpira wa kahawia usioogopa joto. Hakukuwa na bora kuliko huo dukani. Akampelekea fundi wa banda la jirani, aufunge wakati mumewe anakunywa chai.

"Huu ukivuja, dada, mimi naacha ufundi," fundi alisema.

Mume akaondoka gari likiwa kavu chini. Aliporudi, lilikuwa linadondosha.

"Si nilikwambia? Nimekwama njiani nusu siku," mume alisema, akaingia ndani kulala.

Mwenye duka alikwenda bandani kwa jirani. Alimwita fundi, naye akajilaza chini ya gari na tochi mdomoni. Alipotoka alikuwa anatikisa kichwa.

"Mpira wako mzima, dada, hauna kosa. Mtu kailegeza bolti. Tena kwa spana, alama zake hizi hapa."

Damu ikampanda kichwani. Kumbe bwana anailegeza mwenyewe, apate cha kusingizia! Yeye amekesha na mipira, mwenzake anacheza na spana.

"Niikaze?" fundi aliuliza.

"Usiiguse."

"Dada, itavuja njia nzima."

"Ndiyo hivyo." Akaongeza oili mpaka juu, wivu usije ukaua na injini.

Asubuhi mume aliaga kuwa anaelekea mji wa jirani. Mke alimwitikia kwa tabasamu la kukodi, akamsindikiza mpaka getini. Gari lilipokunja kona alifunga duka, akapanda pikipiki ya abiria.

"Taratibu, kaka," alimwambia dereva. "Usiyapoteze hayo matone."

Matone yalikwenda vizuri mpaka njia panda. Barabara ya mji wa jirani ilikuwa kushoto. Matone yalikata kulia. Roho ilimuuma kiasi kwamba alimshika dereva bega, dereva akadhani anaambiwa asimame. Walipita tangi la maji, wakapita shule, wakaingia mtaa wa nyumba zenye maua. Matone yakaingia kwenye geti la kijani lililoachwa wazi.

Akashuka. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, na sasa yote yalikuwa mdomoni yakisukumana.

Gari la mumewe lilikuwa uani. Kwenye kamba yalianikwa mashati yake, na kando yake sare za shule, za mtoto mkubwa na za mdogo. Mama mzima, mwenye watoto wa kulea, bado anaiba waume za watu! Kutoka bafuni ilisikika sauti ya mumewe, anaimba. Nyumbani hakuwahi kumsikia akiimba. Hilo lilimchoma kuliko mashati, machozi yakamlenga.

Chini ya gari ilionekana miguu ya mwanamke.

"Toka hapo!" akafoka. "Toka uniambie unamtakia nini mume wangu!"

Mwanamke alijivuta nje taratibu. Alikuwa amemzidi umri, mnene kidogo, oili imemtapakaa mpaka kidevuni, na mkononi alishika spana. Hakushtuka wala hakuona haya. Alimtazama mgeni wake kuanzia viatu hadi nywele.

"Kumbe ni wewe," alisema. "Miezi yote hii nailegeza hii bolti, matone yanionyeshe mume wangu analala kwa nani."