Bora Angetajwa Mwingine

"Mkuu wa bendi?" Kapteni aliruka kitini. "Yule mzee wa meno ya bandia? Jamani, afande!"

Kanali alikohoa. Maofisa wawili waliokaa naye wakatazama dari.

"Shahidi ameapa, Kapteni. Tena ni mtu mzima, wa kuheshimika. Anasema wewe na mkuu wa bendi mna... mna mambo."

Jeshi lile halikumtaka mwanamume anayempenda mwanamume. Angekana tu, yangeisha. Lakini kapteni wetu alikuwa mtu wa kujisikia, na kusingiziwa yule mzee kulimuuma kuliko kufukuzwa.

"Afande, mimi nina macho! Nampenda daktari wa meno, naye ananipenda!"

Loo! Mdomo uliponza kichwa. Kabla ya saa sita vyeo vilishang'olewa mabegani, na kikosi chake kikaendelea kufunga mizigo ya kwenda vitani bila yeye.

Njiani hakuwaza vita wala mshahara. Alimwaza mama. Alikuwa mwanawe wa pekee, na majirani walishachoka kusikia "kapteni wangu hivi, kapteni wangu vile". Mama akimkataa, atabaki na nani?

Alimkuta jikoni, anakoroga chungu. Chumbani kitanda kilishatandikwa shuka safi.

"Mama, wamenifukuza jeshini."

"Pole, baba. Nawa mikono, ule."

"Huulizi kwa nini?"

"Niulize nini? Maneno ya watu hayo. Yatapita."

Kapteni aliyewahi kuamrisha mamia ya askari sasa alimwogopa mwanamke mwenye mwiko.

"Hayatapita, mama. Nampenda mwanamume. Daktari wa meno wa kambini."

Mwiko ukazama chunguni.

"Unasema kweli?"

"Kweli tupu, mama." Akafumba macho, tayari kufukuzwa mara ya pili siku hiyohiyo.

"Ala! Na mimi nimefunga wiki nzima kutubu kile kiapo cha uongo nilichokula mbele ya kanali wako, ili usipelekwe vitani! Mkuu wa bendi nilimtaja kwa kuwa ndiye pekee niliyemjua pale! Hebu nipakulie haraka, mwanangu, njaa inaniua, na huyo daktari mpigie simu aje tule wote."