Dakika Tano za Kimya

Siku hizo ndoa ilihuishwa kila baada ya miaka kumi, na mpimaji alikuwa gari la serikali lisilo na dereva. Liliwapitisha mke na mume porini kutwa nzima, likiwasikiliza. Wakikaa kimya dakika tano, ndoa imevunjika.

Eliakunda alijua mumewe si msemaji, kwa hiyo tangu walipoanza kuteremka bondeni alimchokoza.

"Baba Nakunda, twiga yule ana shingo kama ya shangazi yako."

"Angekusikia, angekunyang'anya kile kitenge alichokupa," alijibu Ndekirwa, akijifuta jasho. "Na wale nyumbu wanafanana na nani?"

"Na ndugu zako wote."

Mzee akacheka, na Eliakunda akamshukuru Mungu kimoyomoyo. Zilibaki kilometa nane kufika getini, mwisho wa kipimo.

Kwenye kona yenye majabali gari likasimama. Tembo walikuwa barabarani, wamemzunguka mtoto wao aliyekufa, wakimpapasa kwa mikonga. Ndekirwa akavua kofia. Eliakunda akainamisha kichwa akaomba moyoni, kama walivyofanya pamoja mbele ya kila maiti tangu walipomzika Nakunda, binti yao. Mkono wake ukautafuta wa mumewe, ukaupata. Kwa miaka mingi hawakuwa karibu namna ile.

Tembo walipoondoka, gari likasema kwa upole, "Poleni. Dakika tano zimepita. Getini kila mmoja atapanda gari lake."

"Mama Nakunda," Ndekirwa akaita, na tangu hapo hadi getini hakunyamaza hata kidogo.