Posa na Joka

Joka lilimla shujaa kwa mara ya tisa. Bwana Yusufali akaiweka pedi ya kuchezea gemu mezani kama mtu aliyeletewa chai ya chumvi.

"Ina mkono mzito," alisema. "Ya dukani haiko hivi. Ile nnaimaliza kila siku."

Arif alikuwa taabuni. Mashine ya dukani kwa mzee, chini ya nyumba, yenye ile gemu ya katuni ya zamani, haikupita kwenye ngazi za nyumba, na magoti ya Bwana Yusufali yalikuwa hayataki tena kushuka. Basi mzee akatoa sharti: Arif aihamishie gemu kwenye TV ya sebuleni. Siku joka litakapouawa pale kitini pake, ndipo atakapojibu posa ya Arif kwa binti yake, Zahabiya.

Arif alinakili kila kitu: picha, sauti, hata ile sehemu ya kuvutia wateja, ambapo gemu isipoguswa hujicheza yenyewe mpaka joka life. Akapunguza kasi ya joka mara mbili. Likaendelea kula taratibu.

"Ifanye kama ya dukani tu, mwanangu," alisema Bi Marziya, mama yake Zahabiya, akimwekea chai. "Usizidishe kitu."

Arif akashuka dukani, akafungua mgongo wa mashine ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa ila mwenyewe. Akachungulia. Akarudi juu, akaichukua pedi kwa dakika moja, akamrudishia mzee.

Bwana Yusufali alicheza kwa mwili mzima. Aliinama, alikwepa, alilitukana joka kwa Kigujarati. Joka likafa. Mzee akatokwa na machozi.

"Hii ndiyo yenyewe," alisema. "Mkono mwepesi. Posa nshaikubali."

Arif akaenda jikoni. Akafumbua kiganja mbele ya Bi Marziya. Ndani mlikuwa na betri mbili za pedi.

"Nisamehe, Bi Marziya. Nimemdanganya. Waya za kijiti cha kuchezea cha ile mashine zimekatwa, tena zimekatwa vizuri. Sijui tangu lini."

Bi Marziya akazitia betri kwenye kopo la binzari, akalifunika.

"Tangu mwezi wa pili wa ndoa yetu," alisema. "Akishindwa, alikuwa hali chakula."

Akamtazama Arif kwa huruma ya mama mkwe.

"Mkasi nshampa Zahabiya."